Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Klabu ya Soka ya Watoto na Vijana, Manyatta, Kisumu

Wazazi hutuuliza maswali haya pembeni mwa uwanja, watoto wakigombania bibu na filimbi ikilia, kwa hivyo majibu yetu huwa ya haraka. Hapa tumeyaandika kwa utulivu. Soma linalokuhusu. Ila kama mtoto wako ana selimundu au pumu, au kuna mtu amekuahidi kumpeleka Ulaya, tafadhali anza na hayo kabla ya mengine yote.

Mtoto anaanza akiwa na miaka mingapi?

Miaka 6. Tunawalea hadi miaka 17. Makundi yanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari 1: chini ya miaka 8, 10, 12, 14 na 17.

Wadogo kabisa hucheza watano kwa watano, kundi la chini ya 10 saba kwa saba, la chini ya 12 tisa kwa tisa. Wachezaji 11 kila upande tunaanza na kundi la chini ya 14. Wapo wazazi wanaoona huku ni kuwachezesha watoto mchezo wa kitoto. Lakini mtoto wa miaka 7 ukimweka kwenye uwanja wa urefu wa mita 100, atakimbia jioni nzima na kugusa mpira mara chache sana, kwa sababu wakubwa wenye mbio watautawala. Kwenye kiwanja kidogo mpira unamfikia tu, atake asitake, na hapo ndipo anajifunza kuutuliza, kugeuka nao na kuangalia mwenzake yuko wapi.

Mpira nao hufuata umri: nambari 3 kwa wadogo, nambari 4 kwa walio kati ya miaka 9 na 12, halafu nambari 5, ule wa wakubwa wenye uzito wa gramu 410 hadi 450. Ukitaka kumnunulia mtoto zawadi, uliza nambari kwanza. Mpira wa juala alioutengeneza mwenyewe pia unakaribishwa. Ni mwepesi, haudundi ovyo, na unamfundisha kuuweka mpira karibu na mguu.

Lazima niwe na cheti cha kuzaliwa?

Ndiyo, nakala yake, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi. Kama cheti hakijatoka, tunamsajili kwa kijitabu cha kliniki huku ukiendelea kukifuatilia kupitia eCitizen au Huduma Centre hapa mjini. Mtoto hatazuiwa kufanya mazoezi kwa sababu ya karatasi, ila mashindano mengi hayatamruhusu bila hiyo.

Nimeshauriwa nimpunguzie umri ili apate nafasi zaidi. Je, mnakubali?

Hapana, na tukigundua hatutamchezesha mpaka karatasi zirekebishwe. Tunalisema hili kwa ukali kwa sababu tumeona madhara yake. Kijana wa miaka 16 akicheza na wa miaka 13, anashinda kwa kifua na mbio tu. Hajifunzi kufikiri. Akifika kwa wenye umri wake halisi, kifua hakitoshi tena na kichwani hana akiba. Yule mdogo aliyekuwa akiangushwa kila siku naye ameshakata tamaa na kuacha mpira.

Isitoshe, uongo huo hauendi mbali. Tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kuangalia mifupa, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, pia inazitumia. Mtoto aliyedanganyiwa umri akiwa na miaka 9 ndiye atakayebeba aibu hiyo akiwa na miaka 16, mbele ya wenzake, kwa jambo ambalo hakulipanga yeye.

Ada ni kiasi gani?

Chini ya miaka 10 ni bure. Kuanzia 10 ni shilingi 200 kwa mwezi, kwa M-Pesa, na risiti hubandikwa kwenye daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kulifungua na kulisoma. Pesa hizo ni za mipira, chokaa ya kuchorea uwanja, dawa za huduma ya kwanza, marefa na nauli ya matatu tukicheza nje.

Hakuna mtoto aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa ada, wala hatatokea. Kama mwezi umekaba, mwambie kocha au mweka hazina kando, si mbele ya mtoto. Kuna wazazi wanaofua jezi, wengine hufyeka nyasi, na wapo akina mama wanaopika uji wa Jumamosi. Hiyo nayo ni ada, na tunaiandika kwenye daftari lile lile.

Anahitaji vifaa gani?

Kwa mwezi wa kwanza: bukta, fulana, raba na chupa ya maji. Basi. Usikimbilie kununua njumu kabla hujajua kama mchezo umempendeza.

Akishakolea, soko la Kibuye linatosha. Nenda na mtoto mwenyewe, na abebe soksi atakazochezea. Kunja kiatu kwa mikono miwili: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati ya wayo, soli imekufa. Vuta ukingo wa soli uone kama gundi imeachia, kisha pitisha kidole juu ya meno ya chini, kwa kuwa lililovunjika huacha ncha inayochana mguu wa mwenzake. Na tafadhali usinunue namba mbili mbele eti akue navyo. Mguu utacheza ndani, atatoka malengelenge, ataanza kukimbia kwa kuchechemea, na kocha atadhani ni mvivu.

Vilinda ugoko ni lazima kwenye mechi, na soksi lazima ivifunike. Ndivyo sheria za mchezo zinavyosema. Hereni, bangili na mikufu vibaki nyumbani.

Mazoezi ni siku gani, na mvua ikinyesha?

Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni, Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Tunatumia uwanja wa shule ya msingi kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, na saa kumi na mbili kasorobo kila mtoto anakuwa ameanza safari ya nyumbani.

Mvua peke yake haituzuii. Radi ndiyo inatuzuia. Mnajua mawingu yanavyojikusanya juu ya ziwa hapa alasiri, hasa Machi hadi Mei. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama jua bado linawaka upande wetu, watoto wote wanaingia darasani na hawatoki hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hatujikingi chini ya mwembe wala hatushiki milingoti ya goli. Ukiona mechi imesimamishwa timu yako ikiongoza, usitulaumu.

Mpira hautamharibia masomo?

Swali hili tunalipata kuliko lolote lingine, na mzazi ana haki ya kuliuliza. Jibu letu ni kwamba mpira unaweza kuharibu masomo ukiachwa bila mipaka, kwa hivyo mipaka ipo. Mtoto ambaye hakwenda shule bila sababu hafanyi mazoezi siku hiyo. Ripoti ya muhula tunaiomba, si ili tumwadhibu mwenye alama za chini, bali tujue nani anahitaji msaada. Jumamosi baada ya mazoezi, wanafunzi wetu wakubwa hukaa na wadogo kwa hesabu na kusoma. Watahiniwa wa KPSEA (mtihani wa Gredi ya 6) na KJSEA (wa Gredi ya 9) hupunguziwa ratiba muhula wa tatu, na mashindano yetu makubwa tunayaweka likizo ya Agosti na ya Desemba.

Tena mpira na shule havina ugomvi wa asili. Huku magharibi, majina kama Kakamega High na Kisumu Day yalijulikana nchi nzima kwa soka ya shule, na kwa wasichana Butere na Nyakach. Mtaala wa sasa umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kwa shule za sekondari ya juu, ambazo zilipokea Gredi ya 10 ya kwanza Januari 2026. Mtoto anayeupenda mchezo anaweza kuusomea: ukocha, tiba ya viungo, urefa, uandishi wa michezo. Wachezaji wa kulipwa ni wachache mno. Hizo kazi nyingine zinahitaji watu wengi zaidi.

Binti yangu anaruhusiwa?

Ndiyo. Hadi miaka 12 wasichana na wavulana wanacheza pamoja, kisha wasichana wanakuwa na kundi lao na kocha wao mwanamke. Mazoezi yao huisha nusu saa mapema ili wafike nyumbani kukiwa bado kweupe. Kwenye sanduku la huduma ya kwanza kuna sodo, na msichana huchukua bila kuomba wala kueleza. Anayevaa hijabu au taitsi ndefu acheze navyo. Vifuniko vya kichwa viliruhusiwa rasmi katika sheria za soka mwaka 2014.

Kwa baba anayesema mpira wa wasichana hauna mbele: timu ya kwanza kabisa ya Kenya kufika fainali za Kombe la Dunia la FIFA ilikuwa ya wasichana. Junior Starlets, chini ya miaka 17, walikwenda Jamhuri ya Dominika mwaka 2024, na pamoja na kupoteza mechi mbili za kundi, waliifunga Mexico 2-1. Asubuhi iliyofuata wasichana wetu walifika uwanjani kabla ya makocha.

Mtoto wangu ana selimundu. Mtamkataa?

Hatutamkataa, lakini tunahitaji kujua kabla hajagusa mpira. Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi na umeenea sana Nyanza na Magharibi, kwa sababu anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na malaria tumeishi nayo vizazi na vizazi. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na maumivu yake si ya kusimulia.

Vitu vinavyoamsha maumivu hayo uwanjani tunavijua: kukosa maji, baridi baada ya kulowa, kuchoka kupita kiasi, na homa. Kwa hivyo tunaomba barua kutoka kliniki anakohudhuria, iwe ni hospitali ya Jaramogi, ile watu huita Russia, au nyingine. Daktari ndiye atakayesema acheze kiasi gani. Kwetu anakunywa maji kila baada ya dakika chache, anapumzika anapotaka yeye, hakimbizwi mizunguko, na akilowa anabadilisha nguo papo hapo. Akisema mifupa inamuuma, hakuna kocha atakayemwambia ajikaze. Tunakupigia simu. Akiwa na homa, maumivu ya kifua au shida ya kupumua, anakwenda hospitali moja kwa moja, na wewe utatukuta huko.

Baadhi ya wazazi hulificha jambo hili wakihofia mtoto atatengwa. Tunawaelewa. Lakini kocha asiyejua atamhimiza akimbie zaidi, tena kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Siri hiyo inabaki kwa makocha wawili wa kundi lake.

Kwa pumu ni rahisi zaidi: kipulizio chake kiwe na jina na kikae pembeni mwa uwanja, si nyumbani kabatini.

Je, akiwa na homa kidogo, jasho halitamsaidia?

Halitamsaidia. Kanda yetu ya ziwa ina malaria mwaka mzima, kwa hivyo mtoto mwenye joto apimwe kwanza. Akikutwa nayo, amalize dawa zote hata kama ameamka mchangamfu siku ya pili, na arudi uwanjani akiwa anakula vizuri.

Na hili tunaliongeza kwa kuwa wakubwa wanalipenda: baada ya mazoezi wasiende kuoga ziwani. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, kutoka kwa maji yenye konokono, na pale ukingoni kwenye nyasi ndipo wanapokaa.

Akiumia mnafanya nini?

Kifundo kikiteguka: anaacha kucheza, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, bandeji, mguu unainuliwa. Tunawasihi wazazi wasimkande kwa maji moto na chumvi siku hiyo ya kwanza, wala kumpeleka kwa wa kusugua. Joto na kusugua huongeza uvimbe. Akishindwa kukanyaga hatua nne, apigwe picha hospitalini.

Akigongwa kichwa, mechi yake imekwisha. Haijalishi fainali, haijalishi anasema yuko sawa. Usiku huo mwangalie: akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida au kichwa kikizidi kuuma, usingoje asubuhi. Kupiga mpira kwa kichwa hatuwafundishi walio chini ya miaka 12, na hata wakubwa tunaanza nao kwa mpira mwepesi.

Nitajuaje mtoto wangu yuko salama na makocha?

Kila kocha ameleta cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kabla ya kupewa filimbi. Hakuna kocha anayekaa na mtoto mmoja peke yake mahali pasipoonekana, hakuna mtoto anayealikwa nyumbani kwa kocha, na hakuna anayebebwa peke yake kwa boda ya kocha. Safari za nje huwa na wazazi wawili. Picha haziwekwi mtandaoni bila idhini yako ya maandishi. Hatuchapi watoto, na matusi hayatumiki, hata yale ambayo sisi wakubwa tulitukanwa tukiambiwa ni kutukomaza.

Ukiona au ukisikia jambo, mwambie kiongozi yeyote, au piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto nchi nzima. Huhitaji ruhusa yetu kuipiga.

Kuna mtu ameahidi kumpeleka mtoto kwa majaribio Ulaya. Nifanye nini?

Usitume pesa. Hata shilingi moja.

Sheria ya FIFA inasema mchezaji hawezi kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi wenyewe kuhama kwa mambo yasiyohusu soka. Kwa hivyo mtu anayemwambia mama wa Nyalenda kwamba mtoto wake wa miaka 14 amepata klabu ng'ambo, na kinachobaki ni pesa ya viza, anadanganya. Huanza na kiasi kidogo cha pasipoti, kisha vipimo vya daktari, kisha 'kushikilia nafasi'. Huleta barua yenye nembo ya klabu kubwa. Humsifu mtoto mbele yake ili mtoto mwenyewe awe wa kumsihi mzazi auze ng'ombe au shamba.

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na hawezi kumfuata mtoto bila idhini ya mzazi ya maandishi. Mlete kwetu akiwa na karatasi zake, tuzisome pamoja. Mkweli hatakataa. Anayekuharakisha uamue leo hii, mwache aende zake.

Na mtoto mwenyewe mweleze kwa upole. Ndoto yake si kosa.

Akisajiliwa na klabu kubwa siku moja, ninyi mnapata nini?

Mchezaji akihamishwa kimataifa kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa kati ya 12 na 15 una robo asilimia ya ada, na kila mwaka wa kati ya 16 na 23 una nusu asilimia. Klabu iwe imesajiliwa na kumbukumbu ziwe safi, ndiyo maana daftari letu la wachezaji hatulichezei. Zaidi ya hapo hatumdai mzazi wala mtoto chochote, na hatuwafungi watoto kwa mikataba. Akitaka kuhama, tunamwandikia barua na kumtakia heri.

Mbona mtoto wangu hakuanza mechi?

Kwa walio chini ya miaka 12, kila aliyefika mazoezini wiki hiyo anacheza angalau nusu ya mechi, na nafasi zinabadilishwa. Kipa wa leo ni mshambuliaji wa wiki ijayo. Tunapoteza mechi kwa sababu ya utaratibu huu, na hatutauacha. Kwa wakubwa, kocha anachagua, ila kijana ana haki ya kuelezwa sababu.

Naruhusiwa kupiga kelele pembeni?

Shangilia kadiri ya pumzi yako. Maelekezo mwachie kocha, kwani mtoto anayesikia 'piga!' kutoka kwa baba na 'tulia!' kutoka kwa kocha hufanya yote mawili vibaya. Marefa wetu wengi ni vijana wanaojifunza, waheshimuni. Na kubeti kwenye mechi za watoto ni marufuku. Tukikuta mtu anaweka pesa, mchezo unasimama.

Mbona jezi si za kijani?

Kwa sababu hata hapa Kisumu, kwenye mji wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia wanaovaa kijani, wapo watoto wa nyumba za Ingwe, yaani mashabiki wa AFC Leopards, na tunataka wote wavae bila kutaniwa. Rangi yetu ya chungwa haina mwenyewe.

Nikitaka kuona kwanza kabla ya kumwandikisha?

Njoo Jumamosi yoyote saa mbili asubuhi, uulize kocha wa kundi la umri wake. Mtoto anajaribu wiki mbili bila fomu wala ada. Mpe kifungua kinywa chepesi dakika 90 kabla ya mazoezi, kama uji, viazi vitamu au ndizi, na maji ya lita moja. Uji wetu huiva saa nne na nusu, kwa hivyo aje na kikombe chake.